Siku Nne Bangkok: Simu Iko Mkononi, Pesa Je?

Mkenya amezoea kutoka nyumbani bila pochi. Nauli ya matatu, sukuma ya mama mboga, kodi ya nyumba, hata sadaka ya Jumapili, zote zinatoka kwenye simu. Ukisahau pochi unaendelea na safari. Ukisahau simu, unarudi mbio nyumbani. Sasa chukua mazoea hayo, uyapakie kwenye ndege, uyashushe katika jiji ambalo hakuna anayejua namba ya till ni kitu gani.

Hayo ndiyo yaliyowakuta mume na mke kutoka Thika, wateja wetu wa miaka mingi. Wameomba majina yao yasitajwe, kwa hivyo tutawaita Mwalimu na Fundi. Mke anafundisha shule ya msingi na mume anatengeneza simu. Waliweka akiba mwaka mzima, wakanunua tiketi, wakafunga mabegi mawili ya mgongoni na kwenda kuiona Bangkok, mji mkuu wa Thailand, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili.

Walirudi salama, picha zimejaa simu. Lakini Jumamosi ya safari hiyo kuna pesa ilibaki kidogo tu ipotee. Pesa yenyewe haikuwa yao, na wala haikuwa Bangkok. Ilikuwa Murang'a, kwenye simu ya mama yake Fundi. Ndiyo maana tumewaomba watusimulie safari yote, ili wewe unayepanga yako ujue pa kushika.

Kabla ya kuondoka: mafungu matatu

Mwalimu ndiye mweka hazina wa nyumba hiyo. Aligawa pesa ya matumizi mafungu matatu. La kwanza lilikuwa dola 300 taslimu. La pili, shilingi 20,000 kwenye akaunti ya benki ya kila mmoja, yenye kadi ya Visa. La tatu, shilingi 15,000 zilizobaki kwenye simu yake kama akiba ya dharura, na wakakubaliana haziguswi ila kwa ugonjwa au kukwama.

Kwa nini dola? Kwa sababu shilingi yetu haina soko kubwa kwenye vibanda vya kubadilisha pesa vya Bangkok. Na si dola yoyote tu. Vibanda vingi huko hutoa bei nzuri zaidi kwa noti ya dola 100 kuliko noti ndogo ndogo, na noti iliyochakaa au kuchorwa inaweza kukataliwa. Omba noti safi na kubwa tangu ukiwa huku. Usisahau pasipoti pia, maana utaulizwa dirishani.

Kisha kuna makaratasi. Mbali na viza, Mkenya anayeingia Thailand anahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu 1 Mei 2025 kuna pia fomu ya kidijitali ya kuingia nchini humo, inayoitwa TDAC, ambayo hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Ukiona tovuti inakuomba kadi ya benki ili ikujazie, jua uko kwenye mlango usio wake. Funga ukurasa, utafute tovuti rasmi.

Lililobaki lilikuwa suala la laini. Mwalimu alipiga simu kwa mtandao wake, akawashiwa huduma ya kutumia laini ukiwa ng'ambo, kisha akazima data ya laini hiyo ili isimkule pesa. Fundi akacheka. "Mimi nitanunua laini ya huko, ni bei ya chai," akasema. Alikuwa sawa kuhusu bei. Kuhusu mengine tutaona.

Kabla ya kuondoka, Mwalimu alimwambia mama mkwe wake, ambaye angebaki na mtoto wao: "Mama, mtu yeyote akikuomba pesa kwa jina letu, usitume hata shilingi mpaka usikie sauti yangu." Mama akajibu kwamba yeye si mtoto. Mwalimu akarudia tena.

Alhamisi: QR kila kibanda, lakini si yako

Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi ni mkubwa, na vibanda vya kubadilisha pesa vimekusubiri pale pale unapotokea. Usikimbilie cha kwanza. Mwalimu alishuka hadi ghorofa ya chini kabisa, karibu na stesheni ya treni, ambako vibanda hushindana na bei huwa nzuri kuliko juu. Kwa dola zake 300 alipata baht elfu tisa na ushee. Kwa hesabu za haraka, walikuwa wakizidisha kila bei kwa nne: baht 100 ni kama shilingi 400.

Kutoka hapo walipanda treni ya uwanja wa ndege hadi Makkasan, wakavuka kwa miguu hadi stesheni ya Phetchaburi ya treni ya chini ya ardhi, MRT, na kuteremka Hua Lamphong, ukingoni mwa mtaa wa Wachina. Njia hiyo haina foleni na bei yake inajulikana. Ukichukua teksi, sisitiza mita iwashwe. Huanzia baht 35, na utaongeza ada ya uwanja na ada za barabara za kulipia. Dereva akikutajia bei ya jumla kabla hujafunga mlango, hiyo ni bei ya mgeni.

Langoni mwa MRT walipata somo la kwanza. Tangu 2022 treni hiyo inakubali kadi za Visa na Mastercard za kugusa. Hununui tiketi, unagusa kadi kwenye lango ukiingia na ukitoka, nauli inakatwa. Mwalimu akagusa, akapita. Akampitishia Fundi kadi ile ile, lango likakataa. Mfumo unahesabu kadi moja kwa abiria mmoja, kwa sababu lazima ujue kadi iliingilia wapi na itatokea wapi. Kadi ya Fundi ilikuwa chini kabisa ya begi. Akaenda kwenye mashine, akanunua kitufe cha plastiki ambacho hutumika kama tiketi. Kama mnasafiri wawili, basi kadi mbili, na kila mtu aiweke karibu.

Jioni walitoka kwenda Yaowarat, barabara kuu ya mtaa wa Wachina. Usiku hapo panawaka. Vibanda vya chakula vinajaa kandokando ya lami, moshi wa makaa, sufuria zinapiga kelele, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki kama vile vya vibanda vyetu. Walikula tambi za kukaanga, kisha wali wa kunata wenye tui la nazi na embe bivu. Mwalimu, aliyesomea Mombasa, alisema tui lile lilimrudisha pwani.

Na kila kibanda kilikuwa na kikaratasi cha QR. Mama anayeuza miwa ana QR. Kijana wa maji ya komamanga ana QR. Wenyeji wanaelekeza simu, wanabonyeza, wanakwenda. Fundi alijiona yuko nyumbani. Akatoa simu, akafungua programu yake ya pesa, akaskani. Hakuna kitu.

Hapa ni vizuri tueleze kinachoendelea. Mfumo wa Thailand unaitwa PromptPay. Ulianza kutumika mapema 2017, miaka kumi baada ya Kenya kuanza kutumiana pesa kwa simu. Kwetu, pesa inakaa kwenye akaunti iliyofungwa na laini yako. Kwao, pesa inakaa benki, na PromptPay inaunganisha akaunti hiyo na namba ya simu au kitambulisho cha mwenyewe. QR unayoiona kibandani ni anwani ya akaunti ya benki ya pale Thailand. Programu yako ya Kenya inaisoma kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Herufi anaziona, maana haipati.

Lakini mezani kwao palikuwa na kijana kutoka Malaysia, naye aliskani QR ile ile kwa programu ya benki ya kwao ikakubali. Si uchawi. Thailand na Malaysia ziliunganisha mifumo yao ya QR mwaka 2021, na mwaka huo huo Thailand iliunganisha PromptPay na mfumo wa Singapore wa kutumiana pesa. Yaani ili simu yako ilipe nje ya nchi, lazima nchi zenyewe ziwe zimekubaliana. Kabla hujasafiri popote, ingia kwenye programu yako au utupigie, uulize: huduma hii inafanya kazi nchi gani? Usiende ukidhani.

Walilipa taslimu. Chakula cha wawili pamoja na vinywaji hakikuzidi baht 300. Somo lingine dogo ni kwamba noti ya baht 1,000 kwenye kibanda cha baht 60 ni kero, kama kumpa makanga noti ya elfu asubuhi. Ivunje dukani kwanza. Na noti ikianguka, usiizuie kwa mguu isipeperuke. Ina picha ya mfalme, na kuikanyaga ni utovu mkubwa wa heshima. Iiname, uiokote.

Ijumaa: "Leo pamefungwa"

Siku ya pili ilikuwa ya mji wa kale. Bangkok kama mji mkuu ilianza 1782, Mfalme Rama wa Kwanza alipohamishia makao yake upande huu wa mto Chao Phraya na kuanza kujenga Kasri Kuu. Tiketi ya mgeni ni baht 500. Wawili ni 1,000, karibu shilingi 4,000 kabla hujanywa hata maji.

Wakiwa bado wanatembea kuelekea langoni, bwana mmoja aliyevaa vizuri, na kitambulisho kimening'inia shingoni, aliwasimamisha kwa tabasamu. Akawauliza wametoka wapi. Aliposikia Kenya akataja wakimbiaji wetu wa marathoni. Kisha akawaambia kwa masikitiko kwamba Kasri limefungwa hadi alasiri kwa ibada, lakini wasijali, kuna tuktuk hapa itawazungusha mahekalu matatu kwa baht 20 tu.

Baht 20 ni shilingi 80. Hapo Mwalimu akasita. Nani atakuzungusha mjini saa nzima kwa bei ya andazi na chai?

Ujanja huo ni wa miaka mingi Bangkok na unajulikana. Tuktuk ya bei ya bure hupitia duka la vito au la suti, dereva anapata kitu chake kwa kukufikisha, na wewe unashawishiwa kununua jiwe la "bei ya serikali" ambalo utaliuza kwa faida ukifika nyumbani. Ukifika nyumbani, halina mnunuzi.

Tazama lilivyoshonwa, halafu ulinganishe na ile simu ya "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie". Kote kuna mtu mpole anayejua kidogo kukuhusu. Kote kuna habari ambayo huwezi kuihakikisha ukiwa umesimama hapo. Kote kuna haraka. Na dawa ni moja: usibishane, nenda ukaangalie mwenyewe. Kwenye simu, angalia salio. Bangkok, tembea hadi langoni. Wawili hawa waliaga kwa heshima, wakatembea dakika tano, na lango lilikuwa wazi, watu wamejipanga. Ukipata shida na matapeli huko, namba ya polisi wa watalii ni 1155.

Fundi nusura azuiwe kwa sababu ya kaptula. Kasri linataka mabega na miguu ifunikwe. Wauzaji wa suruali nyepesi zenye picha za tembo wanakungoja nje, wanajua kabisa kitakachokupata.

Baada ya Kasri walikwenda Wat Pho, hekalu lenye sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46. Kiingilio ni baht 300 kwa mgeni. Nyuma ya sanamu kuna bakuli 108 za shaba zilizopangwa mstari. Unanunua sarafu ndogo ndogo, unazidondosha moja moja ukitembea, na ukumbi mzima unalia kama mvua juu ya mabati. Mwalimu anasema ndiyo matumizi pekee ya safari yote ambayo hakuyaandika kwenye daftari.

Ng'ambo ya mto kuna Wat Arun, hekalu la alfajiri, mnara uliopambwa kwa vipande vya kauri za Kichina. Aliyewahi kuona kaburi la nguzo la Mambrui na bakuli zake za Kichina ukutani ataelewa uzuri wake. Kivuko kutoka gati la Tha Tien ni baht 5. Kiingilio ni baht 200 kila mtu. Fundi alitaka kuingia, Mwalimu akafungua daftari. Tiketi za siku hiyo zilikuwa zimefika 1,600, karibu shilingi 6,400. Wakakubaliana kuvuka, kuutazama mnara kutoka kando ya mto jua likizama, na kurudi. Baht 20 kwa wawili, kwenda na kurudi. Fundi anakubali sasa kwamba picha ya nje ndiyo nzuri zaidi.

Usiku huo ndipo suala la laini lilipojitokeza. Walikuwa wamelipia hosteli usiku wa Alhamisi na Ijumaa tu, wakitarajia kutafuta bei nzuri zaidi ya Jumamosi wakiwa huko. Fundi alipata chumba kwa bei nafuu kwenye programu ya kukodi vyumba, akaweka namba za kadi yake, akabonyeza kulipa. Benki ikataka namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Ilitumwa wapi? Kwenye laini ya Kenya, ambayo Fundi alikuwa ameitoa kwenye simu uwanjani ili aweke ya Thailand, na sasa ilikuwa imebandikwa kwa selotepu ndani ya pasipoti. Akairudisha kwenye simu. Haikushika mtandao, kwa sababu haikuwa imewashiwa huduma ya ng'ambo. Bei ile ikapita. Wakalipa mapokezi, taslimu, kwa bei ya juu.

Kero ndogo, wakafikiri. Fundi akarudisha laini ya Thailand, ile ya Kenya ikarudi kwenye selotepu.

Jumamosi: simu kutoka Murang'a

Soko la Chatuchak hufunguliwa wikendi, na lina vibanda zaidi ya 15,000. Fikiria Gikomba iliyopangwa kwa namba na kuezekwa. MRT inakushusha Kamphaeng Phet, ukitoka juu uko sokoni tayari. Nguo, vyungu, viatu vya mitumba, mimea, sabuni za mchaichai. Bei hujadiliwa, lakini kwa tabasamu na bila kelele. Ukinunua vitatu, unapunguziwa. Mwalimu alikuwa na orodha ya zawadi, na pesa taslimu ikaanza kupungua.

Walikwenda kwenye ATM. Mashine nyingi za Thailand hukata takriban baht 220 kwa kila mara unapotoa pesa kwa kadi ya nje, uwe umetoa kidogo au nyingi. Ukitoa mara tatu, hiyo ni 660, zaidi ya shilingi 2,500 zimeenda kwa mashine tu. Toa mara moja, kiasi cha kukutosha. Kisha mashine huweza kukuuliza kama unataka hesabu ifanywe kwa shilingi za Kenya. Inaonekana ni wema. Ukikubali, wao ndio wanaokupangia bei ya kubadilisha, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya benki yako. Chagua baht, sarafu ya pale pale.

Ilipofika kama saa kumi na moja jioni, Bangkok ikiwa mbele yetu kwa saa nne, simu ya Mwalimu ikalia. Alikuwa katikati ya soko, muziki huku na wauzaji kule. Ni mama mkwe.

"Mtoto wangu yuko wapi?" Hakusalimia hata.

"Yuko hapa, Mama. Anajaribu viatu. Kuna nini?"

Kimya kidogo. "Mpe nimsikie."

Fundi akachukua simu. Mama alikuwa amesimama nje ya duka la wakala. Nusu saa kabla, alikuwa amepata ujumbe kutoka namba asiyoijua: *Mama ni mimi, tumeibiwa simu na pesa huku Bangkok, tuko polisi, laini yangu imezimwa, nitumie 25,000 kwa namba hii ya rafiki yangu, usipige wataichukua, haraka tafadhali.* Mama alipiga laini ya mwanawe. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Kila alipopiga, ujumbe ule ulizidi kuwa kweli.

Alikuwa na pesa hiyo. Ilikuwa bonasi ya chai, aliyoitengea paa la nyumba kabla ya mvua. Aliingiza namba, akaingiza 25,000, na kwenye skrini likatokea jina la mpokeaji ambalo hakuwahi kulisikia maishani. Hapo akakumbuka sauti ya mkaza mwanawe. *Mpaka usikie sauti yangu.* Akafuta. Akapiga.

"Mama, asante," Fundi akasema. Akakaa chini kwenye kijiti cha muuza viatu, na kwa muda hakusema lingine.

Tapeli aliwajuaje? Hakuhitaji ujuzi mkubwa. Tangu Alhamisi, Fundi alikuwa akiweka picha mtandaoni, ukurasa wake uko wazi kwa kila mtu, akitaja jiji na siku ya kurudi. Kwenye ukurasa huo huo kuna picha ya zamani ya sherehe, ametaja jina la mama yake, na mama ana ukurasa wake wenye namba ya simu ya kuuzia ndizi. Vipande vilikuwa vimelala hapo, vinangoja wa kuviokota. Kitu pekee ambacho tapeli hakukipanga ni laini ya Fundi kuzimwa. Hicho alipewa bure.

Ukikaa ufikirie, ujumbe wenyewe ulikuwa na tundu. Mtu aliyekwama Bangkok anaombaje pesa kwa laini ya Kenya yenye jina la mtu mwingine? Lakini mzazi aliyeambiwa mwanawe yuko polisi nchi za watu hakai kufikiri. Ndiyo sababu mpango hupangwa kabla, wakati kila mtu ametulia.

Jioni hiyo walifanya mambo matatu. Walifunga ukurasa wa Fundi ubaki wa marafiki tu. Mama, akisaidiwa na wakala, aliripoti ile namba kwa huduma kwa wateja. Na Fundi, kupitia intaneti ya hosteli, aliwasiliana na mtandao wake hadi laini yake ikawashiwa huduma ya ng'ambo. Selotepu ikatupwa.

Jumapili: kenge wa Lumphini

Siku ya mwisho walitaka kitu kisicho na kiingilio. Bustani ya Lumphini iko katikati ya maghorofa, ina ziwa, wazee wanafanya mazoezi, na kenge wakubwa kweli kweli wanatembea kwenye nyasi kana kwamba wana hati ya shamba. Watu wanawapita bila wasiwasi. Fundi alipowaona akakumbuka methali: kwenye msafara wa mamba, kenge hawakosi. Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

Walipiga hesabu wakiwa kwenye benchi. Akiba ya dharura haikuguswa. Kadi ya Fundi ilibaki na karibu kila kitu, kwa sababu ilikuwa imekataa kufanya kazi alipoitaka. Sarafu walizitumia kununua maji na mkate kwa safari, maana vibanda vya kubadilisha pesa hununua noti, sarafu hubaki mfukoni mwako. Bonasi ya chai ilikuwa bado Murang'a.

Yako ikifika: orodha ya kushika

1. Uliza kabla. Thibitisha huduma yako ya pesa kwa simu inafanya kazi nchi gani. QR ya ng'ambo haisomwi na kila programu.

2. Gawa mafungu. Taslimu, kadi, akiba. Msiweke vyote kwenye begi moja. Mkiwa wawili, kadi mbili.

3. Laini ya Kenya ibaki hai. Hata kama hutalipia chochote kwa simu, namba za uthibitisho wa benki na simu za nyumbani zinapita hapo. Washa huduma ya ng'ambo ukiwa bado Kenya, uliza bei ya kupokea simu na ujumbe, zima data yake. Laini ya huko iweke kwenye nafasi ya pili au simu ya pili.

4. Weka neno na watu wa nyumbani. Chagueni mtu wa kupigiwa au swali ambalo jibu lake haliko mtandaoni. Bila hilo, hakuna kutuma.

5. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Jina usilolijua ni sababu tosha ya kufuta na kupiga simu.

6. Picha zisubiri. Ziweke ukirudi, au zionwe na unaowajua tu. Usionyeshe tiketi wala siku ya kurudi.

7. Kwenye ATM, toa mara chache, chagua sarafu ya pale, na hakikisha kadi imerudi mkononi.

8. Ukipata ujumbe wa aina hii, usijibu na usitume. Mpigie mhusika kwa namba unayoijua, asipopatikana mpigie aliye naye, kisha uripoti kwetu.

Ng'ambo simu yako inaweza isikununulie hata andazi. Bado ndiyo funguo ya benki yako, na ndiyo sauti ambayo watu wa nyumbani wataitafuta wakiambiwa uko taabani. Ilinde kwa sababu hizo mbili. Na namba yako ya siri ni yako peke yako, uwe Thika au uwe Bangkok.

Safari njema.